Fimbo za Bwana Ambilikile

Watu wa Ufipa waliokwenda kwenye migodi ya shaba kule Rodeshia ya Kaskazini walirudi na baiskeli, au cherehani, au kifua kibovu. Kasimiri alirudi na mfuko wa fimbo za gofu. Alishuka kwenye lori pale Sumbawanga ameubeba begani, wajomba zake waliokuja kumlaki wakamtazama yeye, wakautazama mfuko, na mmoja akauliza kama ndani mna bunduki. Kasimiri alichomoa fimbo moja, akaeleza kwamba Wazungu huitumia kupigia kipira kidogo mpaka kiingie shimoni. Wazee walitikisa vichwa kwa huruma. Walidhani mgodi umemharibu akili.

Haukumharibu, kwani hakuwahi hata kushuka chini ya ardhi. Kule Kitwe alianza kwa kuwabebea Wazungu mifuko uwanjani, halafu akachukuliwa karakanani na Bwana Maki, Mzungu mfupi mwenye shingo nyekundu, aliyekuwa akitengeneza fimbo zilizovunjika. Huyo ndiye aliyemfundisha habari ya mgongo.

"Mpini wa chuma unauona wa mviringo," Bwana Maki alimwambia, "lakini si sawa pande zote. Uko upande mmoja mkaidi kuliko mingine. Huo ndio mgongo wake. Ushike huku na huku, upinde kidogo, uuzungushe. Utausikia unaruka wenyewe mahali pake. Ukishaujua mgongo ulipo, uelekeze kule mpira unakotakiwa kwenda, ndipo utie kichwa na gundi. Mpira utanyooka."

Kasimiri alizaliwa katika ukoo wa wahunzi, na vidole vyake vilielewa chuma upesi. Alikuwa akifumba macho, akazungusha mpini taratibu, na pale ulipokataa akasema, "Hapa." Wachezaji walianza kumwulizia. Aliyeshinda alimletea sigara na kumpiga bega. Aliyeshindwa alilaumu upepo, au mvua, au mke wake. Hakuna aliyewahi kurudi kulaumu mgongo, na Kasimiri aliuamini kama alivyoiamini Salamu Maria. Kazi hiyo mwenyewe aliiita kulaza fimbo.

Bwana Maki alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia seti moja kuukuu. Ndiyo hiyo aliyoshuka nayo Sumbawanga.

Alimwoa Bertilla, wakajenga bondeni ng'ambo ya Mollo, mahali penye kijito na udongo mweusi. Walilima mahindi na ulezi, wakafukia majani kwenye ntumba, yale matuta ya duara, kama walivyofanya baba zao. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Silvana. Baada ya misa ya Jumapili Kasimiri alikuwa akitoka kwenda malishoni na fimbo zake kuipiga mipira kati ya ng'ombe wa jirani, na watu wakazoea. Walimwita Bwana Shimo. Hakuchukia. Ni watu wachache wanaoijua kazi ambayo hakuna mwingine anayeijua kutoka Mbeya mpaka ziwa Tanganyika, naye alikuwa mmoja wao.

Mwaka wa sabini na nne, mahindi yakiwa yameanza kukauka ndevu, Eustaki alikuja na habari. Eustaki alikuwa jirani yao na balozi wa nyumba kumi, mtu mpole aliyekuwa akiongea huku akisugua viganja.

"Tunahama," alisema. "Wote. Kijiji kipya kiko kando ya barabara. Lori litapita kila bonde. Atakayebaki, nyumba yake itaezuliwa."

"Lini?"

"Wanasema kabla mvua haijaisha. Sijui lini. Hata mimi naambiwa tu, Kasimiri."

Bertilla aligeuka akatazama ndani ya nyumba. Mle ndani, juu ya kitanda cha kamba, alilala Silvana. Alikuwa amerudi kwao kujifungua, mume wake akiwa Tanga kwenye mkonge. Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka ikiwa kubwa, kitoto kikiwa na kucha. Hii ya tatu ilikuwa imefika mbali kuliko zote, na Sista wa zahanati ya misheni alikuwa amesema maneno makavu: binti huyu asitembee mwendo mrefu, asipande gari, asinyanyue hata ndoo ya maji. Alale mpaka siku yake.

"Waambie habari ya Silvana," Bertilla alimwambia Eustaki.

"Nimwambie nani, mama? Dereva?"

Kesho yake Kasimiri alikwenda Sumbawanga kwa miguu. Alikaa kwenye benchi la ofisi moja mpaka jua likahama upande wa pili wa jengo. Alipoingia, kijana aliyekuwa nyuma ya meza alimsikiliza huku akikoroga chai.

"Ndugu," alisema kijana, "kila nyumba ina mgonjwa siku ya kuhama. Jana alikuja mwenye bibi kipofu. Juzi mwenye mbuzi mwenye mimba. Nenda ukawasaidie wenzako kufunga mizigo."

Kasimiri alitoka nje akiwa haoni vizuri anakokwenda. Hakushika njia ya Mollo. Alijikuta anapita Milanzi, kati ya nyumba za watumishi zenye ua wa minyaa, na ndipo aliposikia mlio alioujua kama anavyoujua mwito wa mke wake. Tak! Chuma juu ya mpira. Lakini ndani ya mlio huo mlikuwa na kitu kinacheza, kama jino bovu.

Alichungulia juu ya ua. Mtu mmoja wa makamo, suruali imekunjwa, alikuwa akipiga mipira ya gofu kwenye wavu wa kuvulia samaki alioutundika kati ya miti.

"Kichwa kimelegea, bwana," Kasimiri alisema, hata hodi hajapiga.

Yule mtu aligeuka. "Shikamoo, mzee. Umesemaje?"

"Marahaba. Kichwa cha hiyo fimbo. Gundi imekufa. Ukiendelea, kitaruka na kumvunja mtu meno."

Ndivyo Kasimiri alivyojuana na Bwana Ambilikile. Alikuwa mtu wa Tukuyu, aliyehamishiwa Sumbawanga mkoa ulipoanzishwa, na kazi yake ilikuwa kwenye mambo hayohayo ya vijiji. Gofu alijifunzia Mbeya. Alicheza kwa kujificha kidogo, maana wakati ule ukionekana na fimbo za namna hiyo ulikuwa umejiandikisha mwenyewe kuwa bwanyenye, lakini kila Pasaka watumishi wenzake wa mikoa ya kusini walikutana Mbeya wakashindana. Mwaka uliopita alikuwa wa mwisho. Mkubwa wake alimcheka mbele ya wake za watu, na kicheko hicho kilikuwa bado kinamkaa tumboni.

Haya yote alimwambia Kasimiri, mzee asiyemjua, kwa sababu pale Sumbawanga hapakuwa na mwingine wa kumwambia. Kasimiri naye alimweleza habari ya Kitwe, ya Bwana Maki, na ya mgongo. Alichukua fimbo moja, akaushika mpini mkononi na kwenye uma wa mti, akauzungusha mpaka ukaruka. "Weka mkono wako hapa, bwana. Umesikia?"

Bwana Ambilikile alisikia. Macho yake yalipanuka kama ya mtoto. "Kumbe ndiyo maana mipira yangu inakwenda kulia!"

"Migongo yako imetazama kila upande. Huu mashariki, huu magharibi. Mtu hawezi kunyoosha mpira kwa fimbo zinazogombana."

"Ukizilaza zote, nitashinda?"

Kasimiri aliugeuza ule mpini mkononi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwahidi mtu ushindi. Bwana Maki mwenyewe alikuwa akisema tu mpira utanyooka. Lakini alikuwa ametoka kwenye lile benchi, na nyumbani Silvana alikuwa amelala akitazama paa.

"Utashinda," alisema. Kisha akamweleza habari ya binti yake.

Bwana Ambilikile alikuna kidevu. "Nyumba moja tu? Mpaka ajifungue?"

"Mpaka ajifungue, bwana. Baada ya hapo hata mkitaka nihamie mwezini nitahama."

"Hilo linazungumzika. Nitasema nao. Wewe nitengenezee fimbo."

Kasimiri alirudi bondeni na mfuko wa pili begani, mzuri kuliko wake, wa ngozi. Njia nzima alitembea kama kijana. Bertilla alipomwona anavyocheka peke yake alidhani amepitia kilabuni.

Kazi aliifanya nyuma ya nyumba, kwa mvukuto wa marehemu baba yake. Alipasha shingo za vyuma juu ya mkaa mpaka gundi ya zamani ikalia na kuachia, akachomoa mipini, akaisafisha kwa mchanga wa kijitoni. Fundi wa karakana ya misheni alimpa gundi ile ya kuchanganya, mirija miwili, akamwambia asiipoteze hata tone kwani haipatikani. Kwa hiyo Kasimiri aliamua kwanza ajaribu fimbo moja kwa lakiri, ambayo huyeyuka kwa moto na kuganda kwa maji. Akiridhika ndipo atie gundi yenyewe.

Aliilaza vizuri, mgongo ukitazama mbele sawasawa. Akatoka nayo mpaka malishoni, akapiga. Mpira ulikwenda kushoto. Akapiga mwingine, ukaenda kulia, ukatua kwenye matope. Alijiambia ni upepo. Akapiga tena na tena. Mingine ilinyooka, mingine haikunyooka.

Akarudi motoni, akayeyusha lakiri, akaugeuza mgongo utazame ovyo kama ulivyokuwa mwanzo, akapiga. Mpira ulinyooka kama kamba ya mwashi.

Kasimiri alisimama pale malishoni na fimbo mkononi. Jambo moja ambalo hakuwahi kulifikiria lilimjia wazi. Kule Kitwe watu weusi hawakuruhusiwa kupiga mpira. Alikuwa akilaza fimbo za watu wengine, akasikia sifa zao, akavuta sigara zao. Na hizi zake za hapa nyumbani zilikuwa zimelazwa zote tangu siku ya kwanza. Hajawahi hata mara moja kupiga iliyolazwa na isiyolazwa, akazilinganisha.

"Bertilla!" aliita. "Njoo unisaidie."

Alimweleza anachotaka. Yeye atageuka atazame mlima, asione. Bertilla atayeyusha lakiri na kuugeuza mpini apendavyo, mgongo mbele au pembeni, kisha afunge shingo ya fimbo kwa kitambaa kuficha alama. Asimwambie. Yeye atapiga, kisha aseme kama imelazwa au haikulazwa.

"Huu ni mchezo gani tena?" Bertilla aliuliza.

"Si mchezo. Fanya, mke wangu."

Walifanya kuanzia asubuhi mpaka ng'ombe walipoanza kurudi. Bertilla alivukuta, akageuza, akachovya kwenye maji, akafunga kitambaa. Kasimiri alipiga. "Hii imelazwa," alisema. Bertilla alitikisa kichwa. "Hii sasa imelazwa, naisikia mikononi." Bertilla akatikisa kichwa tena. Mara nyingine alipatia, akafurahi, na mara iliyofuata akakosa. Mipira waliyokuwa wakiipanga, ya fimbo iliyolazwa upande wa kichuguu na ya isiyolazwa upande wa jiwe, ilikuwa imetawanyika namna ileile. Mtu angeweza kuyachanganya mafungu hayo asiweze kuyatenganisha tena.

"Basi," Kasimiri alisema mwishowe. Akaketi kwenye nyasi. "Hakuna kitu."

"Hakuna kitu gani?"

"Mgongo upo. Unaruka, hata wewe umeusikia. Lakini mpira haujui. Mpira haujui kabisa, Bertilla. Anayepiga ndiye anayepinda. Nimewadanganya watu miaka yote ile, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kudanganywa."

Bertilla hakuketi. Alikuwa bado ameshika kile kitambaa, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa masizi. "Huyo bwana anajua?"

"Atajuaje? Anaamini. Nimemwambia atashinda."

"Amekuuliza kama una hakika?"

"Hakuuliza."

"Basi usimwambie."

"Nitampelekea uongo?"

"Utampelekea fimbo zake. Si zilikuwa zimelegea? Umezikaza. Huo si uongo." Aliinama akamsogelea uso kwa uso, na sauti yake ikawa ndogo. "Kasimiri, mle ndani mna mtoto anayecheza tumboni. Nimemzika mmoja kwa mikono hii, kwenye boksi la sabuni. Lori likija hapa, utamweleza dereva habari za ukweli wako?"

Kasimiri alikwenda kuokota mipira. Siku ile hakula. Silvana alimwita kutoka kitandani, akamwuliza, "Baba, kazi imeharibika?" Akamwambia, "Haijaharibika, mwanangu." Kisha akaenda kwenye mkaa akazilaza fimbo za Bwana Ambilikile zote, moja baada ya nyingine, kwa gundi ya kuchanganya, kila mgongo mahali pake. Alizilaza kwa uangalifu kuliko fimbo zote alizowahi kulaza, huku akijua kwamba ni bure. Baadaye alimwambia Eustaki kwamba hakuna kazi iliyomchosha kama ile, hata kulima kwa jembe bovu.

Bwana Ambilikile alizipokea kama mtu anayepokea mtoto. Alizungusha moja hewani, akapiga mpira kwenye wavu, akapiga mwingine. "Mzee! Hii ni fimbo nyingine kabisa! Unaona inavyonyooka?"

Kwenye wavu wa samaki kila mpira unanyooka. Kasimiri alitazama chini.

"Na ile habari yetu, bwana?"

"Nenda nyumbani ukalale. Nitasema nao kabla sijaondoka kwenda Mbeya."

Wiki ya mateso ya Bwana ndiyo wiki ambayo lori liliingia bondeni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na magurudumu yalikuwa yakilia matopeni kabla halijaonekana. Mgambo walishuka na mapanga. Eustaki alikuwa pamoja nao, amelowa, viganja vyake havitulii.

"Nyumba hii imesamehewa," Kasimiri aliwaambia mlangoni. "Mpaka binti yangu ajifungue. Bwana Ambilikile amesema nanyi."

Kiongozi wa mgambo alimtazama Eustaki. Eustaki alimtazama Kasimiri. "Hakuna aliyesema neno, Kasimiri."

"Amesema. Aliniahidi."

"Yuko wapi?" kiongozi aliuliza.

"Mbeya."

"Kufanya nini?"

Kasimiri alifungua kinywa. Aliona mwenyewe jinsi jibu litakavyosikika, akakifunga.

Walianza na jiko, kisha wakapanda kwenye nyumba. Nyasi za paa zilipoanza kuanguka ndani, Bertilla alijilaza juu ya Silvana amkinge na mavumbi. Mvua iliwapata wote wawili pale kitandani. Kasimiri alimshika kiongozi mkono, akapiga magoti kwenye matope, mwanamume wa umri wake, mbele ya majirani waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakisubiri kupakiwa. "Mnipakie mimi," alisema. "Mchukue mahindi, mchukue mbuzi. Yeye mwacheni kwenye kuta tu, nitamfunika na turubai."

"Mzee, simama. Unanitia aibu," yule kiongozi alisema, na kweli alikuwa na aibu. Lakini aliokuwa nao juu ya paa hawakuacha.

Eustaki ndiye aliyesema neno la maana siku ile. "Asipande lori," alisema. "Tumbebe."

Walifunga miti miwili kwenye kitanda, wakafunika na turubai la Kasimiri, wakaingia chini ya miti wanaume wanne, Kasimiri na Eustaki mbele. Bertilla alitembea kando ameshika mkono wa binti yake. Vyombo vyao vilikwenda na lori, pamoja na mfuko wa fimbo, na ulezi uliokuwa bado haujakomaa ukabaki shambani ukinyeshewa. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Kila mmoja wao alipoteleza, Silvana aliguna, na kila alipoguna Kasimiri alisema, "Tumefika, mama, tumefika," hali walikuwa hawajafika hata nusu. Mbele yao uwanda ulikuwa mtupu, majani na upepo, wala hapakuwa na mti wa kujikinga.

Uchungu ulimshika kabla hawajaliona lile eneo la barabara. Walipofika, kijiji kipya kilikuwa vigingi tu na kamba, na watu wamejibanza chini ya meza zao. Wanawake walizungushia kitanda khanga na mikeka. Kasimiri alikaa nje kwenye mvua akisikiliza, na kati ya kilio kimoja na kingine alikuwa akijiambia kwamba angemwambia yule bwana ukweli, labda naye angemwamini katika habari ya Silvana. Kisha alijiambia kwamba hapana, asingemjali kabisa. Alizunguka hapo kwa hapo kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku yake, wa kiume, mdogo kama njiwa. Hakulia. Bertilla alimpuliza mdomoni, akamkandakanda kifua kwa vidole viwili, akamtukana kwa Kifipa, akamsihi, mpaka akatoa sauti kama ya mlango mkavu. Walimfunga kwenye pamba, wakamlaza kifuani pa Silvana. Silvana naye alitokwa damu nyingi, na siku kadhaa hakuna aliyethubutu kusema kwamba atapona. Eustaki alikwenda kwa baiskeli kumwita Sista. Sista alikuja kwa gari la misheni, akamtazama Kasimiri, kisha akapiga magoti kando ya Silvana akaanza kazi.

Wote wawili walipona. Mtoto walimbatiza Basil. Silvana hakushika mimba tena maisha yake yote.

Bwana Ambilikile alifika Pasaka ilipokwisha kupita. Gari lilisimama barabarani, akashuka anacheka tangu mbali, kikombe cha bati mkononi.

"Mzee Kasimiri! Nimeshinda! Wote nimewapiga, na mkubwa wangu nimempiga! Kila mpira ulikuwa unanyooka. Nimewaambia wote kwamba Sumbawanga kuna mtu."

Kasimiri alikuwa anachimba shimo la nguzo ya nyumba. Alisimama na sururu yake. "Hongera, bwana."

"Nimekuletea za mwenzangu. Yuko Iringa. Anataka zilazwe kama zangu."

"Hazisaidii," Kasimiri alisema.

"Nini hazisaidii?"

"Kulaza. Nilijaribu na mke wangu kabla sijakurudishia fimbo zako. Iliyolazwa na isiyolazwa ni mamoja. Ulishinda kwa mikono yako, au wenzako walilala vibaya. Mgongo haukufanya kitu."

Bwana Ambilikile aliendelea kucheka kidogo, halafu akaacha. "Acha mzaha, mzee. Mimi ndiye niliyekuwa uwanjani. Nilisikia mwenyewe."

"Na mimi nilisikia, miaka mingi."

"Basi kama ulijua, kwa nini uliniambia nitashinda?"

"Nilipokuambia nilikuwa naamini. Nilipokuletea fimbo nilikuwa nimeshajua." Aliinua kidole akaonyesha kibanda cha nyasi ambamo Silvana alikuwa amelala na Basil kifuani. "Nilinyamaza kwa ajili ya yule."

Bwana Ambilikile alitazama kibanda. Alitazama mashimo ya nyumba, na watu waliokuwa wakimtazama yeye na kikombe chake. Akakificha kikombe nyuma ya mguu.

"Ile habari yako," alisema, "nilisema nao."

"Ulisema na nani, bwana?"

"Nilisema." Hakumtazama usoni. "Mambo yale ni mazito, mzee. Hayako mikononi mwa mtu mmoja." Aliuacha mfuko wa yule mwenzake chini, akarudi garini.

Kasimiri hakujua kamwe kama alisema nao au la. Bertilla alikuwa na jibu lake na hakulibadilisha mpaka kufa.

Ule ulezi wa bondeni uliliwa na ng'ombe na ndege. Miezi iliyofuata ilikuwa ya njaa, na mahindi ya msaada yalikuja machache, ya manjano, yenye harufu ya gunia. Ndipo wale watu wa gofu walipoanza kuja, mmoja mmoja, kutoka Mbeya, na mmoja kutoka Dodoma, kila mmoja na mfuko wake. Bwana Ambilikile alikuwa amewaelekeza. Kasimiri aliwaambia wote neno lilelile, kwamba kulaza hakusaidii, kwamba amepima na mkewe akiwa shahidi. Hawakumwamini. Walidhani anaificha siri asiwape, wakaongeza walichomletea.

Alikataa. Alikataa hata Bertilla alipoacha kumsemesha, na mfuko wa yule wa Iringa ulikaa kibandani bila kuguswa. Siku Basil alipolia mpaka sauti ikakauka, na maziwa ya Silvana yamekatika, alikuja mtu na gunia zima la unga nyuma ya gari. Kasimiri alilitazama lile gunia muda mrefu.

"Nakuambia haisaidii," alisema.

"Najua, mzee," yule mtu akajibu kwa upole, kama anayemjibu mgonjwa. "Wewe fanya tu."

Kasimiri aliupokea mfuko. Bertilla alikuwa ameshatoka kibandani, ameshika gunia upande mmoja, anamsubiri mtu amshikie upande wa pili.